BHAKTAPUR: MJI MKUU WA KALE CHINI YA HIMALAYA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule hii akutajie kitu kimoja cha Himalaya, atakujibu mbiombio, "Mlima Everest!" Ukimwuliza cha pili, ataanza kutazama dari. Sisi wa Kidato cha Tatu tumefundishwa milima ya mikunjo, tukachora mabamba ya ardhi yakisukumana, tukapewa alama zetu, basi. Lakini kwamba chini ya milima hiyo kuna watu, tena watu waliokuwa na mji mkuu wa matofali na mbao za nakshi kabla Mreno hajatia nanga pwani yetu, hilo halimo katika daftari langu. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu.

Kuna mwenzangu mmoja aliyenikata kauli. "Sasa wewe, Chama cha Kiswahili na Nepali, wapi na wapi?" Swali lake nimeliweka mfukoni. Nitalijibu nikifika kwenye habari za lugha, kwa hivyo asifunge gazeti.

Mji wenyewe unaitwa Bhaktapur, maana yake mji wa waumini. Wenyeji wake, Wanewar, huuita Khwopa. Uko katika Bonde la Kathmandu, kama kilomita 13 mashariki ya jiji la Kathmandu ambalo ndilo mji mkuu wa Nepali siku hizi. Jambo la kwanza ninalotaka mlitupe nje ya vichwa vyenu ni theluji. Bhaktapur iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na Nairobi iko takriban mita 1,700. Naam, Nairobi iko juu zaidi! Theluji wanaiona kwa mbali, upande wa kaskazini, siku mawingu yakikubali. Wao bondeni wanalima mpunga, ngano na viazi.

Bonde hilo zamani za kale lilikuwa ziwa. Hayo ni maneno ya wanajiolojia, na ajabu ni kwamba wazee wa huko walikuwa wakiyasema kabla ya wanajiolojia. Katika hadithi yao, mtakatifu aitwaye Manjushri alikuja kutoka kaskazini, akaona ua la yungiyungi liking'aa katikati ya maji, akautoa upanga wake na kuukata mlima mahali paitwapo Chobhar. Maji yakatoka yote. Hadi leo mto Bagmati unatokea hapo hapo Chobhar katika korongo jembamba.

Nawaomba mlikumbuke ziwa hilo, maanake mambo yote ya Bhaktapur, mema na mabaya, yanatoka humo. Ziwa lilipokauka liliacha udongo mweusi, laini, mzito. Udongo huo ndio unaofinyangwa vyungu, na ndio unaochomwa matofali. Mji mzima umetoka katika tope la ziwa. Lakini udongo huo huo, ardhi ikitetemeka, hautulii. Hebu chukua sufuria ya uji uigonge ubavuni: sufuria husimama haraka, uji unaendelea kucheza. Watu wa bonde wanaishi juu ya uji. Nitarudi hapo.

Tukija kwenye historia, Bhaktapur ilipata kuwa makao ya wafalme katika karne ya 12, na mapokeo yanamtaja Ananda kuwa ndiye aliyeuasisi. Kwa takriban miaka 300 ilikuwa mji mkuu wa bonde zima. Utajiri wake haukutoka kwenye mpunga pekee. Mji uko karibu na njia ya wafanyabiashara waliokuwa wakitoka India kwenda Tibet, na ye yote aliyetaka kuvuka milima alipitia kwa Wanewar. Chumvi, sufu na dhahabu zikishuka kutoka Tibet. Nguo na nafaka zikipanda. Wafalme wa ukoo wa Malla hata waliwatengenezea Watibeti sarafu: Tibet ilileta fedha, yaani madini yenyewe, na bonde likaifua kuwa sarafu na kujiwekea faida. Biashara tamu kama nini!

Kisha ukaja ule ugonjwa wa familia kubwa. Mfalme Yaksha Malla alipofariki mwaka 1482, wanawe waligawana ufalme. Bonde dogo ambalo unaweza kulitembea kwa miguu toka asubuhi hadi jioni likawa na falme tatu, yaani Kathmandu, Lalitpur na Bhaktapur. Kwa miaka karibu 300 zikagombana, zikapatana, zikagombana tena. Mashindano hayo yalikuwa na faida moja ambayo siwezi kuikana. Huyu akijenga hekalu, yule naye anajenga refu zaidi. Mmoja akiweka mlango wa shaba, jirani analala macho. Leo kila mmoja wa miji hiyo mitatu una uwanja wake wa kasri, na mwaka 1979 viwanja vyote vitatu viliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na mahali pengine kadha pa ibada bondeni.

Aliyewashinda wote kwa kujenga, kwa maoni yangu, ni Bhupatindra Malla wa Bhaktapur, aliyetawala kutoka 1696 hadi 1722. Mwaka 1702 alikamilisha hekalu la Nyatapola, lenye mapaa matano moja juu ya jingine, likienda juu kama mita 30. Limesimama juu ya vibaraza vitano vya ngazi, na kila kibaraza kina walinzi wawili wa mawe. Chini kabisa wamepiga magoti wapiganaji mieleka wawili, Jayamel na Patta, ambao inasemekana kila mmoja alikuwa na nguvu za watu kumi. Juu yao kuna tembo, wenye nguvu mara kumi ya wapiganaji. Juu ya tembo kuna simba, juu ya simba kuna wanyama wa hadithi wenye midomo ya ndege, na juu kabisa miungu wawili wa kike, kila ngazi ikiizidi iliyo chini yake mara kumi. Sasa wale wa Hesabu wapige wenyewe: watu 10, tembo 100, simba 1,000, wale wa midomo ya ndege 10,000, miungu 100,000. Na mungu aliye ndani je? Huyo ni Siddhi Lakshmi, na watu wa kawaida hawaruhusiwi kumwona. Makuhani tu. Inasimuliwa kwamba mfalme mwenyewe alibeba matofali ya kwanza kwa mikono yake, na raia walipoona hivyo wakaleta yaliyobaki bila kusukumwa. Kama ni kweli au ni sifa za wapambe, mimi simo, ila hekalu lipo.

Mfalme huyo huyo anahusishwa na kasri la madirisha 55, yote ya mbao zilizochongwa, yamepangwa safu moja kama wanafunzi kwenye paredi. Na mwanawe, Ranjit Malla, aliweka Lango la Dhahabu katika miaka ya 1750, la shaba iliyopakwa dhahabu, ambalo wengi wanalihesabu kuwa kazi nzuri kuliko zote za aina yake katika Nepali.

Hapa naomba kumwingiza baba yangu. Baba ni seremala. Nilimwonyesha katika kitabu cha maktaba picha ya dirisha la tausi, lililo katika nyumba ya makuhani iitwayo Pujari Math. Ni dirisha la mbao ambalo katikati amechongwa tausi aliyetandaza mkia, na kila unyoya wa mkia ni nafasi ya kupitishia hewa na mwanga. Baba aliishika ile picha kwa muda mrefu, akaigeuza huku na huku, kisha akasema, "Huyu hakuwa na haraka." Halafu akaniuliza misumari iko wapi. Nikamweleza kama nilivyosoma: mafundi wa Kinewar huziunganisha mbao zao kwa ndimi na matundu na kabari za mti, ati ili nyumba ikitikiswa iweze kucheza kidogo bila kuvunjika. Baba akatikisa kichwa polepole. Darasani kwetu mtu akisema atakuwa seremala watu wanacheka. Hebu niwaulize, huyo tausi alichongwa na daktari au na wakili?

Na kama mnadhani mafundi hao walijifungia bondeni, sikilizeni habari za Arniko. Alizaliwa katika bonde hilo mwaka 1245. Mwaka 1260 walitakiwa mafundi 80 waende Tibet kujenga hekalu kwa amri ya Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia. Kijana huyu akajitokeza kuwa kiongozi wao, naye umri wake ulikuwa kama wetu sisi wa Kidato cha Tatu! Baadaye alipelekwa China, akawa mkuu wa mafundi wa mfalme, na lile hekalu jeupe alilolijenga Beijing, lililokamilika mwaka 1279, lingaliko. Barabara kuu inayotoka Kathmandu kupitia Bhaktapur kwenda mpaka wa China imepewa jina lake.

Ufalme wa Bhaktapur ulianguka mwaka 1769. Aliyeuangusha ni Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, ufalme mdogo wa milimani upande wa magharibi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako: katika ujana wake Prithvi Narayan aliwahi kukaa Bhaktapur kama mgeni wa Ranjit Malla, akala chumvi yao, akafunga undugu na mwana wa mfalme. Aliyaona yote, ukiwemo ugomvi wa zile falme tatu. Mwaka 1768 aliingia Kathmandu siku ya sikukuu, watu wakiwa katika shamrashamra. Wafalme wa Kathmandu na Lalitpur wakakimbilia Bhaktapur, na wote watatu waliokuwa wakiviziana miaka yote hiyo wakajikuta ndani ya kasri moja, wamezingirwa. Walikuwa wamechelewa. Ranjit, akiwa mzee, aliomba jambo moja tu: aruhusiwe kwenda Banaras, mji mtakatifu wa Wahindu kule India, akafie huko. Akaruhusiwa.

Ukoo wa Shah uliendelea kutawala Nepali hadi 2008, nchi ilipokuwa jamhuri. Mji mkuu ukawa Kathmandu, na Bhaktapur ikabaki pembeni. Kuachwa huko ndiko kulikouhifadhi, maana hakuna aliyekuwa na haja ya kuubomoa ajenge kipya.

Sasa rafiki yangu wa "wapi na wapi", fungua masikio. Wanewar wana lugha yao, Kinewar, ambayo wao huiita Nepal Bhasa. Wafalme wa Malla waliandika kwa lugha hiyo, tena si barua za kodi pekee; Bhupatindra na Ranjit walitunga nyimbo na michezo ya kuigiza. Baada ya 1769 lugha ya washindi, ile inayoitwa Kinepali leo, ikawa ndiyo ya serikali. Mambo yaliharibika zaidi wakati wa mawaziri wakuu wa ukoo wa Rana, walioishika nchi kutoka 1846 hadi 1951. Mwanzoni mwa karne ya 20 hati zilizoandikwa kwa Kinewar zilikosa nguvu mbele ya sheria, na waandishi wakaanza kufungwa. Mmoja wao ni Chittadhar Hridaya wa Kathmandu. Kosa lake lilikuwa shairi. Jina la shairi ni "Mama", na wakubwa walidhani, pengine hawakukosea, kwamba mama huyo ni lugha. Alikaa gerezani miaka mitano, kutoka 1941 hadi 1946, na humo humo akatunga utenzi mrefu juu ya maisha ya Buddha, uitwao *Sugata Saurabha*.

Nilipoisoma habari hii nilijiuliza: mimi nikinyang'anywa kalamu na kuambiwa lugha yangu ni ya jikoni, ningeandika nini? Sisi tunaandika insha kwa sababu mwalimu ametuamuru, tena tunahesabu mistari. Mtu yule aliandika ilhali kalamu ndiyo iliyomtia ndani.

Hata Warana walipoondoka mateso hayakuisha. Mwaka 1965 taarifa ya habari ya Kinewar iliondolewa katika redio ya taifa. Ilirudi baada ya mabadiliko ya 1990. Mwaka 1999 mahakama kuu ya nchi ikaamua kwamba manispaa hazina ruhusa ya kutumia lugha za kienyeji katika kazi za ofisi. Katiba ya 2015 inasema kwamba lugha zote za mama zinazozungumzwa Nepali ni lugha za taifa. Hata hivyo, katiba haimtumi mtoto dukani. Wazazi wengi wa Kinewar wanazungumza na watoto wao Kinepali, ili wasichekwe shuleni, na Kiingereza ili wapate kazi. Natumaini hapa hakuna anayehitaji kuelezwa jambo hilo likoje.

Turudi kwenye uji wetu. Himalaya inaendelea kukua kwa sababu bamba la India linajisukuma chini ya bamba la Asia, na kila baada ya vizazi kadha ardhi hupasuka. Mwaka 1255 tetemeko liliua hata mfalme, Abhaya Malla. Tarehe 15 Januari 1934 likaja la ukubwa wa karibu 8, na Bhaktapur ikaumia vibaya. Ukiona picha za uwanja wa kasri ukasema, "Jameni, nafasi kubwa hii ni nzuri!" ujue nafasi hiyo ni makaburi ya mahekalu. Mengi yaliyoanguka mwaka huo hayakuinuka.

Na tarehe 25 Aprili 2015, kabla tu ya adhuhuri, likaja jingine la ukubwa wa 7.8. Karibu watu 9,000 walifariki katika Nepali. Ilikuwa Jumamosi, nayo Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko huko. Maelfu ya madarasa yaliporomoka yakiwa matupu. Mimi nikilifikiria hilo huwa nashindwa kuendelea na kazi niliyokuwa nikifanya.

Bhaktapur zaidi ya watu 300 wa wilaya walipoteza maisha, na hekalu la mawe la Vatsala Durga lilianguka likawa kifusi. Nyatapola ilisimama, ikiwa imeumia paa la juu tu. Ilikuwa imesimama mwaka 1934 pia. Walipoanza kujenga upya, manispaa iliamua kazi ya mahekalu ifanywe na kamati za wenyeji pamoja na mafundi wao wa mbao, mawe na matofali, badala ya kuwaachia makandarasi wa zabuni. Vatsala Durga imeinuka tena.

Nyumba za watu ndizo zilizokuwa taabu. Wanewar wana desturi ya kugawana nyumba ya baba kwa kuikata kutoka juu hadi chini, kila ndugu na kipande chake. Vizazi vikipita, kipande kinakuwa chembamba, upana wa hatua chache, na ngazi ndani inakula nusu. Baada ya tetemeko, kumjengea mmoja lazima ndugu wote wakubaliane, na ndugu mnawajua. Yaksha Malla aliyoyafanya kwa ufalme, raia wanayafanya kwa nyumba! Isitoshe, vijana wengi wanataka saruji. Wageni kutoka ng'ambo wanasikitika, eti mji unapoteza sura yake. Mimi nasema anayesikitika akalale mwezi mmoja katika chumba cha dari fupi chenye moshi, kisha tuzungumze. Manispaa imejaribu njia ya kati: jenga kwa chuma na saruji ndani, lakini uso wa nyumba uwe matofali na mbao.

Sijagusa sikukuu, na makala yanakaribia kumaliza nafasi yake, lakini Bisket Jatra siwezi kuiruka. Huanza kila mwaka kabla ya katikati ya Aprili, mwaka mpya wa kalenda ya Bikram ukikaribia. Gari kubwa la mbao la mungu Bhairava huwekwa uwanjani, kamba zikafungwa mbele na nyuma, watu wa mji wa juu wakavuta huku na wa mji wa chini wakavuta kule. Si mchezo, watu huumia. Baadaye husimamishwa mlingoti wa kama mita 25 wenye vitambaa viwili virefu, na ukiangushwa mwaka mpya umeingia. Vitambaa hivyo ni nyoka wawili. Palikuwa na binti mfalme ambaye kila aliyemwoa alikutwa asubuhi amekufa. Akatokea kijana mgeni, akamwoa, ila usiku akajizuia kulala, upanga mkononi. Binti aliposinzia, nyoka wawili wembamba kama nyuzi wakatoka puani mwake na kuanza kunenepa. Kijana akawakata.

Chakula cha sikukuu ni mchele wa kupondwa, na cha kumalizia ni juju dhau, yaani mfalme wa maziwa ya mgando. Hutengenezwa kwa maziwa ya nyati wa kufugwa, yakagandishwa katika bakuli la udongo. Udongo hunyonya maji, maziwa yakabaki mazito hata ukiinamisha bakuli hayamwagiki. Tope la ziwa, tena.

Nimebakiza kalenda. Mbali na ile ya Bikram, Wanewar wana yao, Nepal Sambat, iliyoanza mwaka 879. Inasimuliwa kwamba wanajimu wa mfalme wa Bhaktapur waligundua kuwa saa fulani ya siku fulani, mchanga wa mahali mito miwili inapokutana Kathmandu utageuka dhahabu. Mfalme akatuma wapagazi. Walipokuwa njiani kurudi, mfanyabiashara mmoja, Sankhadhar Sakhwa, aliwaona na kujiuliza kwa nini wabebe mchanga kutoka mbali vile. Akawabembeleza wamwage mizigo kwake, warudi kuchota mwingine. Wakarudi, lakini saa ilikuwa imepita. Mchanga wa mfalme ukabaki mchanga, na ule wa Sankhadhar ukawa dhahabu. Naye hakujenga kasri. Alilipa madeni ya watu wote wa nchi, na siku waliyofutiwa madeni ndiyo ikawa mwanzo wa kuhesabu miaka. Serikali ya Nepali ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka 1999, na mwaka 2008 ikaitambua kalenda yake. Ukitaka kujua huko ni mwaka gani leo, chukua mwaka wetu utoe 880. Ikiwa sherehe yao ya Oktoba au Novemba imeshapita, utoe 879.